Mshumaa Mfupi

Jumanne, 7 Machi 1972

Siku ya pili ya kupiga filamu yetu ya Hungaria. Hungaria yetu ni ngome mbovu nje ya Madrid, ina korongo wawili juu ya mnara na kinyesi cha mbuzi kila ukanyagapo. Lakini lazima iwe Hungaria. Wakaguzi wa serikali wamesema Uhispania haina wanyonya damu, haijawahi kuwa nao na hawataruhusiwa kuingia. Sawa! Basi mimi ni binti wa Kihungaria. Kwenye bango nitaitwa Vivian Stone, maana mtayarishaji anasema hakuna mtu atakayetoka kwake kwenda kumwona Casilda Yagüe akinyonywa damu.

Don Baldomero, ndiye Baroni wetu, meno yamemdondoka mara tatu shingoni mwangu. Mara ya tatu yalinitumbukia kifuani nikacheka, na mwongozaji wetu Amancio akatupa kofia chini. Halafu chakula cha mchana — supu ya kitunguu saumu! Mnyonya damu kala bakuli mbili. Nikamwambia, "Don Baldomero, wenzako wakiinusa tu wanakufa." Akanijibu, "Mwanangu, wenzangu hawana mgongo kama wangu. Niache nile." Kisha akaingia kwenye jeneza lake kulala. Ndicho kitanda pekee cha maana hapa.

Popo anavutwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Unaonekana. Kila mtu anauona! Nampenda sana popo yule.

Usiku tunaupiga saa sita mchana, na kioo cha bluu mbele ya kamera. Jua linanichoma huku natetemeka kwa baridi ya usiku wa manane. Nina miaka ishirini na saba na sijawahi kupata sehemu yenye maneno zaidi ya matano. Hapa ninayo mengi, na nakufa mara mbili.

Ijumaa, 10 Machi

Amancio kaniita nyuma ya gari la jenereta. Kavua kofia. Huyu akivua kofia taratibu, ujue kuna jambo.

Kumbe filamu hizi hupigwa mara mbili. Toleo la nyumbani na toleo la nje. La nyumbani, binti ana gauni la kulalia mpaka shingoni na Baroni anamng'ata kwa adabu. La nje, binti hana gauni. Wajerumani wasipolipata la pili hawanunui, wasiponunua hakuna filamu, na watu thelathini warudi makwao. Nikamuuliza, na nisipotaka? Akasema hakuna anayekulazimisha, Casilda. Kuna yule msichana wa Valencia, ana kimo chako, gauni litamtosha.

Litamtosha! Gauni ambalo hatalivaa.

Ameapa kwa kaburi la mama yake. Mikebe ya filamu ya toleo la nje ikitoka maabara inavuka mpaka moja kwa moja. Hakuna jicho la Mhispania litakaloiona.

Namfikiria Baba. Baba ndiye mwendesha mashine wa sinema ya Fuentesorda, na Fuentesorda ina sinema hiyo moja. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, nikalelewa kwenye kigoda kando ya mashine. Padri Saturio hukaa safu ya mbele na fimbo yake. Akiona busu linakuja, hugonga sakafu mara mbili, na Baba huweka kiganja mbele ya lenzi. Giza. Sauti zinaendelea, picha hakuna. Akigonga mara moja, kiganja kinaondoka. Nilikua nikiamini kwamba watu wakipendana dunia huzimika taa.

Na mambo mazito zaidi ya busu hukatwa kwa mkasi siku moja kabla, wawili hao wakiitazama filamu peke yao. Kila kipande kilichokatwa Padri hukitia kwenye bahasha akakichoma kwake. Baba hajawahi kumficha hata kimoja. Hajui kusema uongo yule mtu. Hata muuza samaki akimuuliza kama samaki ni wazuri, anamwambia ukweli.

Nimesema ndiyo. Kwa Amancio, nimesema ndiyo.

Jumatatu, 13 Machi

Nimefanya.

Asubuhi toleo la gauni. Baada ya chakula, la pili. Waliwatoa watu wote isipokuwa Amancio, mpiga picha, na Pura, anayeandika kila kitu daftarini ili picha zifuatane. Maji nimeyavulia nguo — safari hii kweli kabisa — na yalikuwa baridi.

Pura kalalamika: asubuhi mshumaa wa kando ya kitanda ulikuwa mrefu, sasa umebaki urefu wa kidole gumba, na hakuna mwingine. Amancio akasema, "Pura, Wajerumani wakiangalia mshumaa, basi sisi sote tumekosea kazi." Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kicheko kilinisaidia kusimama pale.

Maneno yalinitoka kichwani. Yote! Amancio akanipigia kelele, hesabu tu, midomo isisimame, sauti ataitia mwingine huko Madrid. Basi nikahesabu. Kwa macho ya mapenzi, namtazama Baroni, moja, mbili, tatu. Kwenye kumi gauni likaanguka. Kwenye themanini na nne akanifunika kwa joho lake jeusi. Don Baldomero alikuwa amefumba macho muda wote, mzee wa watu. Alining'ata kwa kubahatisha, akapata kidevu. Kisha akasema polepole, "Vaa, mwanangu, utapata mafua."

Jina la mwingine. Sauti ya mwingine. Changu ni mwili tu, na huo ndio wanaousafirisha.

Jumatano, 18 Oktoba

Barua ya Baba! Mwandiko wake wa kuegemea kushoto. Kaiomba filamu yangu kwa wasambazaji tangu Agosti, wamempa Jumapili ya tarehe tano Novemba, na atafurahi nikija. Amebandika bango mlangoni mwa sinema. Chini ya Vivian Stone ameandika kwa chaki: NI CASILDA WA EVELIO. Anasema mvua ikinyesha anaandika upya.

Nimelia kidogo. Halafu nimeenda kununua koti la kuendea.

Ijumaa, 27 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nieves, rafiki yangu anayefanya kazi ya kuunganisha filamu, kanisubiri kazini kwangu mlangoni. Kapauka. Wajerumani wamepiga simu wakiwaka. Mkebe wa nne! Wanauliza kwa nini katika mkebe wa nne msichana ana gauni. Wamelipia msichana asiye na gauni, wanadai, na huyu wamempata amejifunga mpaka masikioni.

Nilicheka. Haki ya Mungu nilianza kwa kucheka. Nieves hakucheka. Akanishika mkono akasema, "Casilda, fikiri. Kama wao wana gauni..."

Kama wao wana gauni, basi mkebe wa nne usio na gauni uko hapa nyumbani. Unazunguka. Nakala sita zimetoka, kila moja mji wake kila wiki, na hakuna anayejua ni ipi. Mtayarishaji kawaambia wafunge midomo: akiuliza tu, wakaguzi watajua kuna matoleo mawili, na hapo filamu imekwisha na yeye amekwisha. Anaomba Mungu mkebe huo ufike kwenye mji wenye mwendesha mashine mlevi.

Baba hanywi.

Jumatano, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Madrid nzima iko makaburini na maua. Mimi niko kwa Nieves na orodha ya nakala aliyoinakili kwa siri. Nakala ya tatu ndiyo ya Fuentesorda. Wiki iliyopita ilikuwa Almazán. Nieves kamtafuta mtu wa Almazán kwa simu, akajifanya anauliza habari za picha kuwa na mikwaruzo. Yule mtu kasema kwao mkebe wa nne haukuonyeshwa kabisa: umeme ulikatika, watu wakarudi makwao.

Basi. Huenda ndiyo, huenda siyo: moja kati ya sita, na hakuna aliyeuona.

Nieves ananiambia usiende, jifanye mgonjwa. Nisipokwenda atakuwa peke yake pale juu, mashine inazunguka, na mji mzima chini. Nitakwenda. Nitaingia chumba cha mashine kama zamani, nitatoa mkebe wa nne, nitautazama kwenye taa. Najua kuishika filamu. Yeye mwenyewe alinifundisha.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimefika. Fermín wa basi kanikaribisha kwa kelele: "Ehee, marehemu mwenyewe kaja! Alhamisi nilimletea baba'ko mikebe yako. Mizito hiyo, utadhani umo ndani." Watu ndani ya basi wakaniomba niwaonyeshe shingo.

Baba amekonda. Au koti ni kubwa. Kanikumbatia, akanishika mabega, akanitazama muda mrefu, halafu akasema, "Umechoka safari." Nikasema twende sinema nikakusaidie kuandaa. Akasema kila kitu tayari. Nikasema basi nikione tu kigoda changu. Akasema, "Kesho wewe ni mgeni, Casilda. Mgeni hakai kigodani, anakaa safu ya tano katikati." Na ufunguo akautia mfuko wa ndani wa koti. Miaka yote ufunguo ule hutundikwa msumarini jikoni.

Labda ni fahari tu. Anataka nikae na watu, nitazamwe. Masikini Baba.

Chaki ya mlangoni imeandikwa upya. Bado mbichi. Herufi kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 5 Novemba. Baada ya Misa

Padri Saturio kanishika mlangoni mwa kanisa. Ana miaka sabini na ushee na anapenda sinema kuliko mtu yeyote mjini, ila hajakubali. Kanipongeza. Halafu kasononeka: safari hii hakupata kuitazama kabla. Evelio kamwambia mikebe imechelewa, imefika leo alfajiri. "Nitalazimika kuitegemea fimbo tu," akasema, akaipiga piga mkononi. "Natumaini hakuna mambo mengi, binti yangu?"

Nikasema ni meno tu, Padri. Meno na popo.

Leo alfajiri? Fermín alisema Alhamisi. Lakini Fermín huyo akishakunywa hajui Alhamisi na Pasaka. Kama Padri hajaiona, na Baba kaifungua leo asubuhi tu, basi hakuna aliyeitazama. Hakuna mkasi uliopita. Mungu wangu.

Jumapili, saa tisa kasoro

Nimejaribu. Nimejaribu mezani!

Baba kapika mwanakondoo mwenyewe, kaweka kitambaa cha Mama. Mficha uchi hazai, wanasema. Uchi wangu uko ndani ya mkebe wa nne na ningependa kuutoa kabla haujatolewa. Nikaweka uma chini. Nikasema, "Baba, kuna jambo." Akasema, "Kula kwanza."

Nikala. Nikaanza tena: "Baba, ile filamu..." Akasema, "Mwanangu, hizo ni kazi za watu. Kila kazi ina vumbi lake. Kula."

Kisha akachukua chungwa, akanimenyea. Akatoa hata nyuzi zile nyeupe, akanipangia vipande kwenye kisahani. Hajanimenyea chungwa tangu mwaka aliofariki Mama. Sikuweza tena kusema. Ungekuwa wewe ungesema?

Najiuliza mimi mwenyewe. Hakuna mwingine humu.

Amevaa tai. Ameondoka mapema, peke yake. Nimemfuata mpaka sinema, nikapanda ngazi, nikagonga mlango wa chumba cha mashine. Nikasema Baba, fungua, dakika moja tu. Akajibu kutoka ndani, kwa upole kabisa, "Nenda ukakae, mwanangu. Safu ya tano."

Nina miaka ishirini na saba na nimeshuka ngazi kama niliyechapwa.

Jumapili, mapumziko kati ya filamu mbili

Naandika kwenye chumba cha tiketi, chini ya ngazi. Penseli. Mlango nimeufunga. Huko nje wanasubiri filamu ya pili, ya farasi na bastola, wananunua mbegu za alizeti, wananiita. "Marehemu yuko wapi?" Niandike haraka.

Ukumbi ulijaa. Waliokosa viti walisimama. Bibi mmoja kaja na rozari, kusudi.

Na waliipenda! Hilo niliandike kwanza, maana huenda nikalisahau. Waliipenda kama mtoto anavyopenda kurushwa juu. Popo alipotokea mtu akapiga kelele, "Ana kamba!" mwingine akamjibu, "Nyamaza, huo ni mkia!" Ngome ilipoonekana, ukumbi mzima: "Hungaria ina korongo kama wa kwetu!" Don Baldomero alipoinuka jenezani akishika mgongo, wazee wote wakaguna pamoja naye. Lakini meno yalipokaribia shingo yangu mara ya kwanza — kimya. Bibi wa rozari kanishika mkono kwa nguvu, mimi niliye hai kando yake, akaninong'oneza, "Kimbia, mwanangu!" Nikatamani Amancio angekuwepo.

Mkebe wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Najua alama zile za duara kwenye pembe ya picha, zinazomwambia mwendesha mashine abadilishe. Alama ya tatu ikapita.

Chumba cha kulala. Dirisha. Pazia linapepea. Kamera inashuka taratibu kwenye meza ya kando ya kitanda.

Mshumaa mfupi.

Urefu wa kidole gumba.

Nikaanza kuinuka, sijui kwenda wapi. Pale kwenye kitambaa cha sinema mimi nikageuka kumtazama Baroni, midomo yangu inacheza. Moja, mbili, tatu. Sauti ya yule mwanamke wa Madrid inasema mambo ya mapenzi, na mimi nahesabu, naiona midomo yangu inahesabu. Saba. Nane. Mkono wangu ukaenda begani, kwenye utepe wa gauni.

Tisa. Giza.

Giza zito, la kiganja. Nalijua giza hilo kuliko ninavyojua sura yangu. Sauti zikaendelea. Wakaanza kupiga miluzi, kugonga miguu. Na kutoka safu ya mbele, Padri Saturio, kwa mshangao wa kweli: "Evelio! Sijagonga! Evelio, sijagonga bado!"

Na sauti ya Baba kutoka juu: "Ni makaa ya taa, Padri! Yamekatika! Naweka mengine!"

Makaa, vile vijiti vinavyowaka ndani ya taa ya mashine, yakikatika taa hufa polepole, kwa rangi ya njano. Baba ndiye aliyenifundisha. Mimi tu katika ukumbi ule nilijua.

Nikakaa. Nikahesabu. Midomo yangu gizani, na midomo yangu nyuma ya kiganja chake. Hamsini. Sitini. Bibi wa rozari anauliza, "Keshamng'ata? Keshamng'ata?" Sabini. Miluzi. Themanini. Themanini na moja, na mbili, na tatu, na nne.

Mwanga.

Joho jeusi. Limenifunika mpaka kidevuni. Ukumbi ukapiga makofi kwamba taa imerudi.

Hakungoja fimbo. Hakungoja hata gauni lianguke ndipo aone, ashtuke, azibe. Aliutanguliza mkono. Akautoa pale palipotakiwa, hata kidogo hakuzidisha. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa filamu asiyoijua. Nimekaa safu ya tano, watu wanacheka, Don Baldomero anageuka majivu kwa jua la saa sita, na mimi naona yote. Alhamisi. Fermín hakuwa amelewa. Baba aliipata Alhamisi, akaitazama peke yake, akajua. Hakukata, kwa sababu kipande kingekuwa cha Padri, kwenye bahasha. Akamdanganya Padri. Akautia ufunguo mfukoni nisipande nikamkuta anajua. Na pengine akaizungusha tena na tena mle ndani peke yake, akijifunza mahali pa kuweka mkono. Aliangalia wapi? Alihesabu vipi?

Na leo mchana akanimenyea chungwa.

Naona aibu mpaka masikio yanauma. Na chini ya aibu kuna kitu kingine, sitakipa jina sasa. Namwogopa Baba. Namhitaji Baba. Sijui nikimwona nianze na kipi.

Padri kapita hapa nje sasa hivi, kaita kuelekea juu, "Evelio, hayo makaa nunua mengine!" Kajibiwa, "Ndiyo, Padri." Karudi safu ya mbele. Wamezima taa za ukumbi. Muziki wa farasi umeanza. Kwa mkebe wa kwanza Baba huwa ana dakika kumi na tano, mashine ikienda yenyewe.

Mlango wa juu umefunguka.

Anashuka. Ngazi ni kumi na nne, na goti lake baya hulia kila akanyagapo, hivyo naweza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Yuko polepole kuliko kawaida. Tano. Sita. Anajua niko hapa, mwanga wa taa yangu unapita chini ya mlango. Saba. Nane.

Tisa.

Amesimama.